Alikoelekezwa Dresa Saidi

Isevya, Tabora
11 Juni 1972

Kwa mpwa wangu Zamda binti Saidi,

Marahaba, kabla hujasema shikamoo. Kwanza kabisa ujue barua hii inatoka kwa nani. Mimi mjomba wako Shomari bin Abbasi, fundi cherehani wa Kanyenye, ndiye niliyekuwa imamu wa jeshi zima la Keya, la Mfalme wa Uingereza, kule Burma wakati wa vita vya Wajapani. Wanyamwezi, Wayao, Wasomali, hata Wazungu wawili waliosilimu kwa mkono wangu, hakuna aliyeinama kabla sijasema Allahu Akbar. Jenerali mwenyewe akitaka kuanza vita alikuwa anauliza: "Shomari amemaliza kusali?" Akiambiwa bado, mizinga inangoja. Haya hayamo vitabuni kwa sababu walioandika vitabu walikuwa wamejificha.

Sasa tuje kwenye shughuli. Mama yako amenikalisha kitako tangu asubuhi niandike. Anaendelea vizuri. Miguu imevimba kidogo tu, na tumbo kidogo, lakini jana kala ugali na mlenda akaomba tena. Maneno yanayofuata ni yake, mimi sikutia mkono:

"Zamda mwanangu. Nataka baba yako asomewe khitma huko Ujiji. Hapa tulimsomea mwaka ule zilipokuja habari, lakini mimi nilikuwa ndani ya eda, nalia, sikusikia hata aya moja. Sasa wakati wangu umekaribia."

Nikamwambia, dada, hilo la wakati kukaribia siandiki. Akasema: "Shomari, andika. Usiongeze chumvi yako wala usipunguze yangu." Basi nimeandika. Akaendelea:

"Nimehamisha kitanda. Nikilala ubavu wa kulia naangalia kibla, kama nitakavyolazwa. Najizoeza. Baba yako naye amelala hivyo hivyo huko aliko, mjomba wako ndiye aliyemlaza. Mimi naangalia Makka, yeye anaangalia Makka. Hatujaonana tangu ukiwa mgongoni, lakini macho yetu yanakutana pale. Nikifumba yangu nayaona ya kwake. Sitaki kingine."

Mwisho wa maneno yake. Sasa amelala.

Kuhusu baba yako, alikuacha hujaota meno, kwa hiyo nikukumbushe. Shemeji Saidi Kashindye alikuwa dresa, mtu wa dawa na bandeji, na katika majeshi yote ya Mfalme hapakuwa na dresa kama yeye. Siku aliyokufa alikuwa amebeba majeruhi saba kwa mkupuo. Wawili mabegani, wawili kwapani, waliobaki sikumbuki aliwashika wapi. Wajapani walipomwona walisimamisha risasi kumpisha, ila mmoja wao alikuwa kiziwi hakusikia amri. Ndivyo alivyokufa. Nilimzika mimi, mizinga ikapigwa, jenerali akalia mpaka kofia ikalowa.

Msalimie Bi Khole na wote wa Ujiji.

Mjomba wako,
Shomari bin Abbasi


Ujiji
25 Juni 1972

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeipata. Niliomba likizo nije kumwona mama, nimenyimwa. Wakimbizi kutoka Burundi wanaingia kila siku, dispensari yetu imejaa mpaka barazani, na wauguzi ni sisi wachache. Nalala nimevaa viatu.

Ugali na mlenda vimenifurahisha. Lakini mjomba, mimi kazi yangu ni hii. Miguu na tumbo vikivimba pamoja, si kidogo. Nakuomba umpeleke hospitali. Na apunguziwe chumvi, ile ya chakula pamoja na ile yako.

Khitma nimeanza kuishughulikia. Bi Khole, mwenye nyumba wangu, ameipokea kama ya kwake. Huyu bibi babu zake walitoka Muskati wakafuata misafara mpaka hapa, na mpaka leo akitaja Tabora utadhani anataja jirani. Ametoa mchele, ameita masheikhe. Kisha akaniuliza: Nani alimwosha? Alipata sanda? Nani alimsalia? Alilazwa vipi?

Mjomba, niliona haya. Majeruhi saba nawajua tangu utotoni, Mjapani kiziwi namjua kama wa ukoo wetu, lakini hili moja sikuwahi kuliuliza. Mizinga iache, jenerali mwache apumzike. Niambie hilo tu.

Mimi baba simkumbuki hata sura. Ninaye huyo wa hadithi zako. Nikimfunga mtu bandeji najiuliza kama yeye naye alianzia chini akipanda juu, kama tulivyofundishwa, au alikuwa na mtindo wake.

Mwanao,
Zamda


Isevya, Tabora
3 Julai 1972

Mpwa wangu Zamda,

Hilo swali umemuuliza mwenyewe. Bi Khole atege sikio.

Nilimwosha mimi, kwa maji ya mvua, na mvua ya kule si hii yenu ya kunyunyiza. Sanda ilikuwa vyandarua vitatu vya jeshi, nikavifunga kwa bandeji za mkobani mwake mwenyewe. Nikachimba kaburi, nikatoa mwanandani wa kumlaza pembeni kama inavyotakiwa. Kichwa mashariki, uso kaskazini, barabara kabisa, kama makaburi yetu ya hapa Isevya. Sikuhitaji dira. Nilingoja jua lichomoze, nikajua mashariki ndiyo hii, kaskazini ndiyo ile, basi. Mwambie Bi Khole hata sheikhe wa Makka angepita pale angesema hapa ameshuka fundi.

Barua yako nimemsomea dada. Ile ya chumvi alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikamweleza tena shemeji alivyolazwa. Akauliza: "Uso kaskazini?" Nikasema kaskazini. Akasema: "Kama mimi." Akalala, na alilala vizuri, sijamwona akilala vile siku nyingi.

Hospitali tulikwenda, daktari akanishika mkono akasema mgonjwa mwenye mlezi kama huyu hana haja ya kulazwa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi siondoki kando ya kitanda chake hata kwenda sokoni. Jirani yetu Eustadia analeta uji, mimi nalinda.

Mjomba wako,
Shomari bin Abbasi


Ujiji
16 Julai 1972

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea Bi Khole barua yako akiwa anachambua mchele wa khitma. Nilipofika kwenye kulazwa akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. "Kaskazini?" Nikasema ndiyo, bibi. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi nilikaa Bombay mwaka mzima, marehemu baba akitibiwa macho. Kule tulisali kuelekea jua linakotua. Na Burma si ni mbele zaidi ya Bombay?"

Nikamwambia labda umesahau, bibi, kibla ni kaskazini, mtoto mdogo anajua. Akasema: "Ni kaskazini kwetu sisi, kwa sababu Makka iko juu yetu. Aliyevuka bahari akaenda mashariki ameiacha nyuma yake. Huyo akitaka kuiona inabidi ageuke."

Sikuridhika. Nikaenda shuleni kwa mwalimu Raymundi, ana ramani ya dunia ukutani. Tukashika uzi, yeye mwisho mmoja pale Burma, mimi mwisho mwingine pale Makka. Uzi ulikwenda magharibi, mjomba. Nikamuuliza, mwalimu, na kaskazini ya Burma kuna nini? Akasema China, na milima yenye theluji.

Mtu aliyesalisha jeshi zima asingekosea jambo hili hata akiwa usingizini. Kwa hiyo hukuwapo. Ulikuwa wapi sijui, labda hukuvuka hata bahari, umechukua makaburi ya Isevya ukayapeleka Burma kwa mdomo. Sasa niambie, nani alimzika baba yangu? Alizikwa, au aliachwa pale alipoangukia? Mama amehamisha kitanda chake kwa maneno yako. Kila siku anaangalia mahali ambapo mumewe hayupo, na wewe umekaa kando unamwambia yupo.

Khitma imesomwa Alhamisi. Nilikaa nyuma. Jina la baba lilipotajwa nikaona wanamtaja mtu nisiyemjua.

Barua hii ni yako peke yako. Nakuomba usimsomee mama.

Zamda


Isevya, Tabora
2 Agosti 1972

Dada Zamda,

Pole sana. Simu ya maandishi najua umeipata. Baba Shomari hawezi kushika kalamu, kwa hiyo naandika mimi, Eustadia, jirani. Nitakueleza yote kwa sababu wewe ndiye mwenye haki.

Barua yako ilipofika Baba Shomari hakuwapo. Alikwenda Kigwa siku ileile aliyokuandikia, kutafuta shamba kwenye kijiji cha ujamaa. Alisema anarudi keshokutwa. Hakurudi. Hospitali pia hawakwenda, mama hakutaka na yeye hakumlazimisha.

Nilimpa mama bahasha. Hajui kusoma lakini alijua ni yako. Akasema, "Nisomee wewe. Shomari huwa anaruka mistari." Mimi sijui kuruka. Nimezoea kusoma kanisani, neno kwa neno, kutoka juu kwenda chini. Nilipofika mahali ulipoandika asisomewe, nilikuwa nimeshamaliza.

Hakulia. Alisema, "Rudia pale pa China." Nikarudia. Uji ukapoa mkononi mwake, kisha akasema: "Kumbe tunaangalia upande mmoja. Kama vyuma vya reli, Eustadia. Vinakwenda pamoja, havikutani."

Nikamwambia mama, labda Bi Khole amekosea. Akasema, "Yule mtoto wangu amepima kwa uzi."

Akageuka, akatazama ukuta, mgongo ukawa kwenye kibla. Nilitaka kumrudisha akasema niache. Tangu hapo hakugusa uji. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshatutoka, bado ameuangalia ukuta.

Tulimpelekea habari, Baba Shomari akafika na treni ya mizigo, amejaa vumbi. Barua yako ilikuwa mezani. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaenda kuchimba kaburi, akakataa vijana wasimsaidie.

Dada, mimi nilisoma tu. Mungu anisamehe.

Eustadia


Ujiji
9 Agosti 1972

Mjomba, shikamoo.

Simu ilinifikia mama akiwa ameshazikwa. Eustadia mwambie hana kosa lolote, na umwambie hivyo kila siku mpaka akubali.

Kalamu ilikuwa yangu. Wanafunzi wangu wa uuguzi nawafundisha kila wiki: jambo la kumdhuru mgonjwa liandike juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa, huyu asipewe penisilini, ili anayefuata alione kwanza. Mimi nikamwandikia mama yangu mwenyewe chini kabisa.

Sasa hayupo wa kulindwa. Nimebaki mimi, na mimi nataka kujua jambo moja. Ulikuwapo au hukuwapo? Kama hukuwapo, sema. Nitajua baba hana kaburi, nitazoea. Ukiniletea jenerali tena sitajibu, na hutaniandikia tena.

Zamda


Isevya, Tabora
17 Septemba 1972

Zamda,

Marahaba.

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika mara nyingi, na kila mara jenerali anaingia. Namtoa, anarudi. Sasa nadhani ametoka.

Nilikuwapo. Jenerali sikuwahi kumwona hata mgongo. Mimi nilikuwa mwosha sufuria jikoni, na hiyo kazi nilitafutiwa na baba yako ili niwe karibu naye, kwa sababu dada alimwambia siku ya kuondoka, "Mtoto wa mama yangu huyo, usimwache." Hakuniacha.

Hakufa amebeba mtu. Alibeba watu miezi yote ile, mmoja mmoja, kwenye matope ya magotini, kisha homa ikampata naye. Alilala chini ya turubai siku chache. Akaomba maji, nikampa chai ya jikoni kwa sababu ndiyo iliyokuwa imechemka. Akanywa kidogo, akasema haina sukari. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Nimelificha miaka yote kwa sababu halifanani na mtu anayekufa.

Kikosi kilikuwa kimetangulia. Tulibaki mimi na Nikolaus, Mkristo wa Ndala, tuliyekuwa tunaosha naye sufuria. Tulichimba, maji yanaingia, tunayachota kwa sufuria zilezile. Chandarua ni kweli. Bandeji ni kweli. Na kwa kuwa umeuliza, ndiyo, alianzia chini akipanda juu, kisha alikuwa anarudi mara moja chini kabla hajafunga fundo, nami nilimfunga hivyo.

Nikolaus akaniuliza, "Ninyi uso mnaelekeza wapi?" Nikajibu haraka kama mwenye kujua: kaskazini. Akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Unamuuliza nani? Mimi mtoto wa Abbasi wa Isevya, kaburi la baba nimechimba mwenyewe." Jana yake ng'ambo ya kijito tuliwaona Waislamu wa Kihindi, wachunga nyumbu wa mizigo, wanasali kuelekea jua linakozama. Nikamwambia Nikolaus, "Waone wale, hata kibla hawajui." Tukacheka, baba yako anahema kwa taabu chini ya turubai.

Kwa hiyo kaburi analo, Zamda. Alioshwa, alivikwa, alilazwa kwa mkono huu unaoandika. Ningekuwa nimeibuni hadithi hiyo ningeuliza kwanza kwa wajuzi, ningekutajia magharibi, nawe ungeniamini.

Nimekwenda kwa Sheikhe Sulemani nikamweleza. Amesema aliyejitahidi bila kujua, Mungu hamhesabii. Upande wa Mungu nimeshukuru. Lakini dada yangu hakuwa anamtazamia Mungu peke yake. Siku ya kumzika nilishuka kaburini kumpokea mimi, ndugu yake. Nikamlaza kichwa mashariki, uso kaskazini, safari hii hakuna wa kunikosoa. Mikono ilinikataa, kwa sababu ilikuwa ni vilevile. Ni vilevile kabisa nilivyomlaza mumewe. Watu walidhani ni majonzi, wakanivuta juu.

Umeandika mtu aliyesalisha jeshi zima asingekosea. Ni kweli. Baba yako alisali kila siku kule, hata matopeni, anatandika koti la mvua. Alikuwa anaelekea palepale nilipotakiwa kumwelekeza. Ningetazama mara moja tu ningejua. Lakini kila akitandika alikuwa ananiita, "Shomari! Shemeji, njoo tusali!" Nami nilikuwa nakimbilia nyuma ya jiko na kopo la maharage, nainama, nafumba macho, mpaka nisikie amekunja koti lake. Imamu wa jeshi zima, sikusali naye hata siku moja.

Mjomba wako,
Shomari